Aliyepiga Hodi Nikitengeneza Tovuti ya Zaituni

Hiki ninachokusimulia kilinipata mimi mwenyewe, mchana, nikiwa macho na siumwi. Usipoamini sitagombana nawe. Hata mimi ningesimuliwa, ningecheka.

Mimi ni mkubwa wa watoto wanne wa Bugembe, karibu na mji wa Jinja, Uganda. Baba alitangulia kufa, mama naye akafuata wakati Zaituni, kitinda mimba wetu, akiwa bado ananyonya. Nikaacha shule niwalee. Kabla matanga hayajaisha, ndugu wa baba walikuwa wameshabeba vitanda na cherehani. Tangu hapo mimi ni mtu wa makufuli. Hakuna anayeingia kwangu bila kuhojiwa: nani, wa wapi, unamtaka nani.

Kompyuta nilijifunzia kwenye duka la intaneti nililokuwa nafagia. Zaituni alipohamia Namatala, kule Mbale, akaacha kazi ya duka la jumla ili asuke vikapu na kawa za kufunikia chakula, nikamtengenezea tovuti. Wateja wake wengi wako Kenya. Siku ile familia ya bibi harusi mmoja ilikuwa inachagua kawa za sherehe, na walishamwonya: kurasa zikiendelea kusuasua, jioni wataagiza kwingine. Nikapanda gari la asubuhi kutoka Jinja kwenda kwake.

Nilihangaika. Nikalaumu mtandao, nikapunguza ukubwa wa picha, nikazima plagini, vile viprogramu vya nyongeza, kimoja baada ya kingine. Kimoja tu sikukigusa: cha ulinzi, ambacho nilikisasisha wiki ile ile. Mlinzi unamzimaje?

Mvua ikashuka kutoka mlimani. Zaituni alikuwa chumba cha nyuma akiloweka ukindu. Mlango wa mbele nilikuwa nimeutia komeo. Nikasikia hodi, sauti ya mwanamke. Sikuondoa macho kwenye skrini.

"Nani?"

"Mtu wa nyumbani."

"Nyumbani wapi?"

"Bugembe."

"Unamtaka nani, mama?"

"Nimekuja kumwona mtoto. Amekua?"

Nikauliza mtoto gani, nikauliza katumwa na nani. Akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyekuzoea.

"Mwanangu, mtu ukimhoji hivi kila hatua, atafika ndani saa ngapi?"

Niamini, sikuufikiria mlango. Niliifikiria tovuti. Nikafungua mipangilio ya kile kiprogramu. Kumbe tangu nilipokisasisha kilikuwa kinamkagua kila mgeni upya, si anapoingia tu, bali kwa kila ukurasa na kila picha. Nikamwambia aliye nje, "Ngoja kidogo, mama, namaliza." Nikauondoa ukaguzi ule wa ziada, nikauacha wa kuingilia. Kurasa zikafunguka papo hapo. Nikajaribu tena kwa simu. Ndipo nikainuka.

Nje hapakuwa na mtu. Upepo ulikuwa unaipiga mvua mpaka ndani ya kibaraza na saruji yote imelowa, isipokuwa alama mbili za nyayo, kavu kabisa, zimeelekea mlangoni. Mvua iliendelea kuzipiga, hazikulowa. Nikiwa nimesimama pale, ile sauti ikanirudia, nikajua niliisikia wapi mara ya mwisho.

Zaituni akatoka na simu mkononi, anacheka. Bibi harusi ameagiza.

"Dada, ulikuwa unaongea na nani? Nimesikia sauti yako tu."

Nikasema jirani. Akakanyaga juu ya zile alama akichungulia mvua, hakuziona. Alipoinua miguu, pale pamelowa kama kwingine.

Biashara yake imesimama imara, namshukuru Mungu. Lakini Zaituni hana hata picha moja ya mama, na kila mara huniuliza alifananaje, aliongeaje. Utamwambiaje mtu kwamba mama yake alikuja kumwona, ukamwacha mvuani ukihangaika na kompyuta? Mpaka leo sijaweza. Nikiwa Namatala na mvua ikanyesha mchana, nafungua mlango nakaa karibu nao. Hajarudi.

Wewe unayesoma, sikuambii utupe makufuli. Mimi bado ninayo. Ila ukisikia hodi, na sauti ikakugusa mahali usipopaelewa, inuka kwanza ukamtazame mtu. Maswali utamuuliza akiwa ameshakaa.