Maman na Makanisa Yasiyo na Bati

Mwaka ule nilikuwa nalala kwenye kochi la maman mmoja wa Bukavu, huko Schaerbeek, Brussels, juu ya duka la Mturuki mtengeneza viatu. Hakuwa mama yangu wala shangazi yangu. Alitoka mtaa mmoja na watu wangu, na hilo lilimtosha kunilisha. Shule niliiacha mapema, na kazi zangu hazikudumu zaidi ya wiki mbili tatu: kuosha vyombo, kubeba samani, kubandika karatasi za ukutani. Kila nilipokaa mahali nilitaka kujua kuna nini baada ya kona.

Kiangazi hicho nikapata kibarua kwa Mbulgaria mmoja, fundi wa magari. Alikuwa akijaza gari lake friji na mashine za kufulia zilizotumika, anakwenda kuziuza kwao, pwani ya Bahari Nyeusi. Alitaka mtu wa kubeba mizigo na wa kupiga naye soga njiani asisinzie. Nilikubali kabla hajamaliza kusema. Jioni nikamsimulia maman habari za mji tunaoenda, Nesebar, mji wa kale uliozungukwa na maji karibu pande zote, na kwamba fundi anaapa una makanisa arobaini.

Maman aliacha kufuma.

"Quarante?"

"Ndivyo alivyosema."

"Bon. Umuambie aache nafasi. Na miye nakuja."

Nilijua anakimbia nini. Mdogo wake wa kiume, ambaye yeye alimbeba mgongoni tangu mama yao alipofariki, alipotea vita vilipofika Bukavu. Watu walimwona akiingia msituni, hakuna aliyemwona akitoka. Tangu hapo hapakuwa na simu wala salamu. Ndugu zao wa Brussels walikuwa wamechoka kungoja. Jumapili iliyokuwa inakuja wangekutana Koekelberg, nyumbani kwa kaka yao mkubwa, wafanye matanga, wamlilie, yaishe. Lililobaki ni neno la maman, kwa sababu yeye ndiye aliyemlea. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Aliwasha mishumaa kwenye basilika ya Koekelberg, akawasha na Laeken, mpaka wafagiaji wa makanisa wakawa wanamwamkia.

Tulikaa watatu kiti cha mbele, maman katikati, kikapu mapajani. Tulikula mandazi yake Ujerumani, kuku wake Austria, na Hungaria tukamalizia mayai. Fundi alipozidisha mwendo, maman alimpiga begani.

"Tonton, polepole! Iyi friji haina kitu ndani. Itaoza nini?"

Fundi hakujua Kiswahili hata neno moja, lakini alipunguza mwendo kila mara.

Tulifika Jumapili asubuhi. Fundi alitushusha kwenye kipande chembamba cha ardhi kinachounganisha mji na bara, karibu na kinu cha upepo cha mbao, akasema friji ni kesho, leo anakwenda kumsalimu mama yake. Tukaingia mjini kwa miguu.

Nilipenda kila kitu mara moja. Nyumba zilikuwa za mawe chini na mbao juu, na ghorofa za mbao zilijitokeza mbele kiasi kwamba jirani angeweza kumpa jirani chumvi kupitia dirishani, juu ya vichwa vyetu. Miti ya tini ilichungulia juu ya kuta. Akina bibi walikaa milangoni wakifuma vitambaa vyeupe na kuvitundika kwenye kamba ili watalii wavione. Maman alikishika kimoja, akakigeuza kuangalia upande wa nyuma, kama anavyofanya mtu anayeijua kazi.

"Lakini iko sawa na za kwetu za ku kochi! Hawa nani aliwafundishaka? Masista?"

Bibi mwenye kitambaa alicheka bila kuelewa, akamwongezea kingine akitazame.

Kanisa la kwanza lilikuwa la matofali mekundu na mawe meupe yaliyopangwa mistari mistari, na visahani vidogo vya kijani vimepachikwa ukutani kama vifungo vya shati. Nilikuwa navigusa kimoja kimoja maman alipoingia ndani, akatoka.

"Bati iko wapi?"

Ndani palikuwa na nyasi na anga. La pili lilikuwa hivyo hivyo, na njiwa. La tatu lilikuwa na paa, lakini wameligeuza duka la picha.

"Makanisa quarante na hakuna bati! Donc michango ya misa ya dimanche wanakulaka?"

"Maman, haya ni magofu. Ni ya zamani sana."

"Hata miye niko wa zamani. Najifunika."

Tulizunguka hivyo mpaka jua likawa kali. Yeye alikuwa anatafuta mahali pa kuomba na mimi nilikuwa natafuta kona zaidi. Mwishowe tukasikia harufu ya ubani, tukaifuata, tukakuta kanisa linalosaliwa, paa lake zima. Ibada ilikuwa imekwisha. Mlangoni alikaa bibi aliyevaa kilemba cheusi, anauza mishumaa huku anafuma. Maman alinunua mmoja, mwembamba, wa manjano, unaonukia asali.

Mahali pa kuwashia palikuwa na masinia mawili ya mchanga, moja juu usawa wa kifua, jingine chini karibu na sakafu. La juu lilikuwa limejaa. Maman akauwasha mshumaa wake, akainama, akauchomeka chini.

Bibi akaweka kazi yake kando, akaja. Alisema kitu, akauliza kitu, akaona hatuelewi. Basi akaonyesha sinia la chini, akakunja mikono kifuani na kufumba macho, kichwa kimelala. Kisha akaonyesha la juu, akavuta pumzi kwa nguvu, akajipiga kifua, akatembea hatua kadhaa huku akipunga mikono kama kijana.

Akamnyooshea maman kidole. Wako ni yupi?

Maman aliuchomoa mshumaa mchangani, akabaki ameushika.

"Anasema nini?" aliniuliza, ingawa aliona kama nilivyoona.

"Nadhani chini ni wafu, maman. Juu ni wazima."

"Nimesikia. Na wewe unasema nini?"

"Miye? Miye sijui."

"Hakuna mutu anajua. Njo maana kila mutu ananiuliza miye."

Nta ilimdondokea vidoleni, hakujali. Bibi alisimama tu, hakumharakisha. Nikamwona maman anatazama chini, halafu juu, halafu chini tena, na midomo yake inacheza.

"Ule mutoto," alisema, "hata kulala alikuwa anakatalaka. Unamulaza, anasimama. Unamulaza, anasimama." Akavuta pumzi. "Kama amekufa, akuje aniambie yeye mwenyewe."

Akausogeza mshumaa mmoja, akausogeza mwingine, akaupatia wake nafasi katikati ya sinia la juu. Ulikuwa umelegea kwa joto la mkono wake, ukainama. Akaunyoosha. Ukainama tena, akaunyoosha tena, mpaka ukakubali.

Kisha akaketi kwenye benchi la bibi, akaomba sindano kwa ishara, akamwonyesha kufuma ua moja la Bukavu. Bibi alilifumua, akalirudia, akakosea, wakacheka. Waliendelea hivyo mpaka mshumaa ukaisha. Mimi nilitoka kuangalia bahari.

Jioni alinituma nitafute simu. Kibanda kilikuwa karibu na kile kinu. Nilimpigia namba ya Koekelberg, nikasimama mlangoni.

"Allô? Ni miye. Hapana, sikilizeni. Hakuna matanga. Iko muzima... Nani ameniambia? Miye ndiye nawaambia!" Alisikiliza kidogo. "Mbuzi? Mumeshaipika? Yote?" Alinigeukia, akaziba simu kwa mkono, akaangua kicheko, akarudi. "Bon. Mukule. Muimbe, mucheze. Lakini mutu yeyote asilie, munanisikia? Nitawauliza watoto."

Akakata simu, akajifunga kitenge upya.

"Sasa samaki wanauzaka wapi hapa? Toka asubui unaniangalia tu kama touriste."