Dada Aliyefunga Hata Penseli
Duka la wanafunzi shuleni kwetu, huku Gorkha, aliliendesha dada mmoja wa darasa la kumi. Alifunga kila kitu kwa gazeti, hata penseli moja, vidole vyake virefu vikikunja taratibu huku foleni ikinung'unika.

“Dada, penseli nayo inaona baridi?” Bishwas wa darasa letu alimtania.

“Subiri, na huo mdomo wako nitaufunga.”

Jumatatu moja Sarala wa darasa la saba alifika dirishani, macho yamejaa machozi, akamnong'oneza. Dada akachukua pakiti ya pedi, akaifunga kwa gazeti kama alivyofunga penseli. Sarala akapita katikati ya wavulana wote, asigeuziwe hata shingo moja.

“Haya, anayefuata!”

Mimi, mwaka uliotangulia, hedhi iliponianza shuleni, nilikimbilia nyumbani nikakosa masomo siku nne.