Machela ya Mzee Mbae

Nakumbuka siku moja ambayo hainitoki, mwanangu, siku wazee wa mtaa wetu mjini Mutsamudu walipomchagua Mzee Mbae aongoze zefe, ule msafara wa Maulidi, ashike bendera mbele ya watu wote. Vichochoro vyetu unavijua, gari haliingii. Mgonjwa hubebwa kushuka ngazi za mawe mpaka barabarani. Mwenye machela alikuwa yeye, magunia mawili kayashona kwenye miti, na kila alipoitwa alikuja, bila ujira. Hata chai alikuwa hanywi, akisema inamwendesha moyo mbio. Lakini hayo tuyaache.

Asili yake mtu wa Ikoni, kule kisiwa cha Ngazidja. Ujanani aliishi Majunga, ng'ambo ya bahari, akafukuzwa huko kwa kuwa ni Mkomoro, akaja kuoa kwetu. Na wakati ule kisiwa chetu kilikuwa kimejitenga na serikali ya Moroni, huko huko Ngazidja. Jirani alikuwa akiulizwa mamake kazaliwa wapi.

Mimi kijana, na bendera ile niliitaka mimi. Sababu nyingine sikuwa nayo, nisikudanganye. Basi barazani, mbele ya vijana wenye bunduki waliokuwa wakilinda kisiwa, nikatia mzaha:

"Kikulacho ki nguoni mwako! Leo Mngazidja anatushikia bendera, kesho atawashikia taa wenzake watuingilie."

Wakacheka. "Wallahi umesema," akajibu mmoja, na huyo hakucheka.

Asubuhi ya Maulidi Mzee Mbae alitoka na kanzu yake nyeupe. Wale vijana wenye bunduki walikuwa wakimngoja mlangoni.

"Bakoko," ndivyo tunavyowaita babu zetu, hata tunapowafukuza, "boti ya kwenu ipo bandarini."

Hakubishana. Aliegemeza machela ukutani, akasema, "Mwenye mgonjwa ataihitaji," akateremka. Mtaa mzima kimya, nami kimya. Bendera nikapewa mimi. Nikaongoza zefe, kaswida zinapanda nyuma yangu.

Haukupita mwezi, baba akabanwa na kifua. Machela ilikuwepo, mwenye kuijua hakuwepo. Zile ngazi zina kona ambapo wa mbele anyanyue mpaka mabegani na wa nyuma apige goti. Nani alitufundisha? Kona ya tatu tulimwangusha baba. Akafia palepale, na barabara tunaiona.

Nyanya yangu hakunipa pole. Alisema, "Usilie kwa sauti. Jeneza hili limetanguliwa na ulimi wako."

Mambo yalipotulia nilivuka kwenda Moroni, nikamfuata mpaka Ikoni. Macho yalikuwa yanamwishia nuru. Nikampigia magoti, nikamweleza la bendera, na kwamba baba aliugua akafa. La bendera hakuligusa. Aliuliza tu:

"Baba yako alipougua, nani alimteremsha?"

Nikajifunika uso kwa mikono, mwanangu. Akaelewa. Akanishika kichwa, akalia yeye.

Shule sikufika mbali, ila hili nimelisoma kwa kaburi la baba: heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Mtu mpime kwa mzigo aliokubebea, usimpime kwa kisiwa alichozaliwa. Na wakimfukuza mwema nawe umenyamaza, basi umemfukuza. Mimi nilifanya yote mawili: nilichongea, kisha nikanyamaza.

Mungu akupe ulimi mzito wa kuchongea na bega jepesi la kubeba, na siku yako ya kuteremshwa, akujaalie watu wanaoijua ile kona. Amin.