Hewa ya Watu Wawili

Sikukuu ya mwaka mpya wa Kichina inapofika, Guangzhou hugeuka mji mwingine. Xiaobei, mtaa ambao siku za kawaida hupiti bila kupigwa bega, hubaki milango ya chuma iliyoshushwa na makaratasi mekundu yaliyobandikwa juu yake. Ndani ya jengo la maduka la Tianxiu unasikia hatua zako mwenyewe. Wachina wamerudi kwao vijijini, wafanyabiashara wengi wa kwetu Afrika wamesafiri kabla viwanda havijafungwa, na sisi tuliobaki tunatafutana kama watu wa msiba mmoja.

Mwaka ule nilitafutwa na dada mmoja wa Mombasa. Alinizidi umri sana, mwanamke mnene mwenye sauti ya kumwita mtu ng'ambo ya barabara, aliyekuwa akinunua viatu kwenye soko la Zhanxi na kuvisafirisha kwao. Tulifahamiana kwenye mgahawa wa tambi wa Waislamu. Siku nilipomwambia kwamba nasomea shahada ya uzamivu, alicheka hadi akaweka bakuli mezani.

"Uzamivu! Na kuzama kwenyewe wajua?"

Sikujua. Mimi ni mtu wa Iringa, baridi naijua, ila bahari niliiona nikiwa mtu mzima. Yeye alikuwa akipiga mbizi na mtungi wa hewa mgongoni, mchezo aliojifunza huku huku ugenini kwa Mchina mmoja tuliyemwita Laoshi, yaani mwalimu. Nilidhani ananitania. Wiki iliyofuata alinipeleka kwenye bwawa alilofundishia yule mwalimu, na miezi michache baadaye nilikuwa na cheti cha kupiga mbizi, na hofu ambayo haikupungua hata kidogo.

Haikuwa hofu ya papa. Ilikuwa ya kifua: kujua kwamba pumzi yangu inatoka kwenye chuma, inapita kwenye mpira, na hakuna nyingine. Bwawani niliivumilia kwa sababu niliona vigae. Kwa hiyo dada aliponiambia kwamba sikukuu ile tutazama baharini, usiku wake sikula.

Siku ya pili ya mwaka mpya tuliondoka asubuhi kwa gari la kukodi: Laoshi, dada, mimi, na Mkongomani mmoja ambaye kila mtu alimwita Papaa. Papaa hakuwa akiingia majini kabisa. Kazi yake ilikuwa kulinda nguo, kupika, na kusimama ufukweni na kamba mpaka wote tutoke. Tulielekea mashariki, tukaacha barabara kuu, tukafika kwenye ghuba ndogo ya mawe chini ya kijiji cha wavuvi. Mbingu ilikuwa ya kijivu. Upepo ulipita kwenye shati langu kama sikuvaa kitu.

Tulivaa suti nene za mpira, glavu, na kofia za mpira zinazobana masikio. Dada ndiye pekee aliyeipenda ile kofia. Alisema hatimaye umepatikana mchezo uliokumbuka kwamba yeye ni Muislamu. Nilicheka, lakini meno yalikuwa yakigongana. Akaniona.

"Waogopa nini, mdogo wangu? Nipo hapa. Wewe shika mkono wangu tu."

Tuliingia kinyumenyume, mapezi miguuni, tukiteleza juu ya mawe yenye mwani. Maji yalipopenya shingoni na kushuka uti wa mgongo, pumzi ilikatika, nikadhani nakufa hapo hapo, na miguu yangu ilikuwa bado inagusa mawe. Laoshi akanitazama usoni, akasema, "Man man lai." Taratibu. Kisha akashuka, nasi tukamfuata.

Chini kulikuwa na ukijani mzito. Niliona mapezi ya Laoshi mbele yangu, na mkono wa dada ndani ya mkono wangu, na zaidi ya hapo sikuona kitu. Nilisikia pumzi yangu tu, kubwa na ya haraka mno. Mara ukasikika mshindo, mwingine, halafu mfululizo, kama mtu anayegonga mabati ndani ya kichwa changu. Nilishika mtungi wangu nikiamini unapasuka. Dada akanionyesha juu kwa kidole. Zilikuwa fataki za wanakijiji, wanasherehekea. Niliitikia kwa ishara kwamba nimeelewa.

Tulipotazama mbele, Laoshi hakuwepo. Wakati tukishughulika na fataki, yeye alikuwa ameendelea, na matope yaliyotimuliwa na mawimbi yalikuwa yamemfunika. Sheria tuliijua: tafuta kwa muda mfupi, usipomwona mwenzako, panda juu. Tulizunguka palepale tukitazama. Nilimwonyesha dada gumba lililoelekea juu, ishara ya kupanda. Akakubali. Akapiga mapezi mara moja, akasimama kama aliyevutwa nywele.

Ulikuwa wavu. Wavu wa zamani wa kuvulia samaki, umenasa kwenye mwamba na kuota mwani, rangi moja na maji, na shingo ya mtungi wa dada ilikuwa imeingia ndani yake. Nilimwashiria atulie. Hakutulia. Alipiga miguu, akajizungusha, na kila alipojizungusha wavu ulimfunga zaidi. Matope yalipanda mpaka nikawa namwona uso tu. Kisha mpira wake wa hewa ukavutwa na nyuzi, na kile kipande cha mdomoni kikachomoka.

Niliyaona macho yake ndani ya miwani. Sijawahi kuona macho ya namna ile kwa mtu ninayemfahamu. Mkono wake ukaja usoni kwangu, ukakamata kipande changu, ukakichomoa mdomoni mwangu.

Maji ya chumvi yaliingia, baridi hadi kwenye meno. Bwawani tulifundishwa kwamba kila mtu hubeba kipande cha akiba cha rangi ya manjano, kwa ajili ya kumpa mwenzake. Nilikitafuta kifuani, sikukikuta mahali pake. Nikapapasa ubavuni, nikapapasa mkanda. Niliwaza jambo la kijinga, kwamba mama hajui hata kama najua kuogelea. Halafu vidole vikagusa mpira, nikaufuata hadi mwisho wake, nikakitia mdomoni, nikapuliza maji nje na kuvuta. Hewa ikaja.

Sasa tulikuwa wawili kwenye mtungi mmoja, na niliiona sindano ya geji ya hewa ikitikisika kila tulipovuta kwa pamoja. Nilichomoa kisu nilichofunga mguuni. Sikuweza kuona nyuma yake, kwa hiyo nilimkumbatia, kifua kwa kifua, nikakata kwa kupapasa, uzi baada ya uzi, nikiogopa kukata mpira wake, nikiogopa kukata wangu. Vidole vyake nilivihisi begani kupitia suti. Uzi wa mwisho ulipoachia, tuliinuka ghafla, na ikanibidi nimzuie asikimbilie juu, kwa maana anayepanda kwa haraka mapafu humpasukia. Tulipanda taratibu tumeshikana, nami nikiuchukia utaratibu ule kwa roho yangu yote.

Juu kulikuwa na mawimbi. Laoshi alikuwa amekwisha kuibuka na alikuwa akiogelea huku na huko akituita kwa sauti iliyopasuka. Papaa alikuwa kwenye maji ya magoti, yeye asiyeingia majini, suruali yake nzuri ya sikukuu imelowa.

"Kamata kamba! Mama, kamata nguvu!"

Tulikamata. Alituvuta juu ya mawe, suti zikachubuka magotini. Dada alitapika maji ya bahari, akacheka, kisha akalia kwa kwikwi kama mtoto. Mimi sikulia. Nilikaa nikiangalia mikono yangu, kwa sababu nilishindwa kuifungua.

Tulikuwa tumepanga chumba kwa mzee mmoja pale kijijini. Papaa aliweka sufuria ya mchuzi juu ya jiko katikati ya meza, tukachovya samaki, uyoga na mboga, na wenyeji wakatuletea machungwa ya mwaka mpya. Laoshi aliomba radhi mara nyingi kwa kutotazama nyuma. Kawaida mezani dada ndiye msemaji. Siku hiyo alishika vijiti bila kuokota chochote. Wengine walipotoka kwenda kusuuza vifaa, akanigeukia.

"Nilijua ni wewe," akasema.

"Ulikuwa umechanganyikiwa, dada."

"La. Nisikilize. Nilikuona. Nilijua ni wewe, na nilijua hiyo ndiyo hewa yako. Nikavuta."

Nilimmenyea chungwa, akalishika bila kulila. Ndani yangu niliogopa kuliko nilivyoogopa chini, maana wavu ungeweza kukatwa, lakini hili nililoambiwa sikujua ningelikata wapi. Na sikuwa na hakika kwamba mkono wangu ungefanya vingine.

Tulirudi Guangzhou. Maduka yalipofunguliwa, Zhanxi ikajaa tena mikokoteni na kelele za bei, na kwa muda nilipita mbali na mgahawa wa tambi. Mwishowe yeye ndiye aliyekuja hosteli kwangu, amevaa buibui, mfuko wa vifaa begani.

"Twende bwawani," akasema. "Nataka kujifunza kuomba."

Laoshi alituweka chini, penye vigae. Zoezi lilikuwa jepesi: dada atoe kipande chake, aonyeshe ishara kwamba hana hewa, mimi nimpe cha akiba. Mara ya kwanza, mkono wake ulipoinuka tu, nilirudi nyuma na kupanda juu nikihema. Mara ya pili pia. Alinisubiri kila mara, amekaa sakafuni mwa bwawa, mikono juu ya mapaja ili niione.

Tulirudia hadi ngozi ya vidole ikajikunja. Hatimaye nilibaki. Nilifumba macho, nikanyoosha kile kipande cha manjano, nikasikia akikipokea polepole mkononi mwangu.