Santuri Nilizonunua Ili Zinyamaze

Kuna jambo ambalo watoto wangu hulitaja wakitaka ninyamaze, nami hunyamaza, na mnaonijua mnajua kwamba si kazi rahisi. Leo nalisema mwenyewe kwa mdomo wangu, maana nimechoka kulisikia likisemwa vibaya na watu ambao hata hawakuwa hapo. Ndiyo, ni mimi niliyewalisha wakwe nyama ya mbuzi juu ya santuri. Haya, cheka, maliza, halafu usikilize.

Ilikuwa miaka ya sabini, hapa kwetu Mbumbuni, wakati vijana wa Ukambani walikuwa wameshikwa na ugonjwa wa gita. Kila kilima kilikuwa na bendi yake. Vijana watatu wanauza ng'ombe wa baba yao, wanaenda Nairobi wanarekodi wimbo mmoja, wanarudi na boksi la santuri wamelipakata kwa basi kama trei ya mayai, na kwa vile redio haiwajui wanazunguka nazo wenyewe duka kwa duka. Kwetu zilikuwa zinafika kwa Kioko, aliyekuwa akiuza betri na sindano za gramafoni, na alikuwa amefunga spika moja kubwa juu ya mlango. Siku ya soko Kioko anaweka zile mpya moja baada ya nyingine, watu wamesimama na viondo vyao wanasikiza, wakiupenda wimbo wanapiga mluzi, wasipoupenda wanamwambia, "Toa huyo, Kioko, anaimba kama mtu amefungiwa chooni." Hapo ndipo wimbo ulijulikana au ulikufa. (Mimi nilikuwa napita haraka nikiangalia mbele, kwa sababu nilikuwa mama wa kanisa na nilishasimama mbele ya watu nikasema santuri ni mtego. Kama mguu uligonga chini kidogo, huo ni mguu, si mimi.)

Basi kulikuwa na vijana walioitwa Ndiwa Boys. Ndiwa kwetu ni yatima, na kweli walikuwa yatima, wembamba kama mabua. Siku moja pikapu yao iliharibika karibu na lango langu, na badala ya kusukuma gari kama watu, walikaa kivulini wakatoa magita wakaanza kujaribu wimbo, na mimi ndani nina akina mama wa maombi, tumefumba macho, tunamwombea mgonjwa. Nilivumilia kidogo. Kisha nikachomoa mwiko kwenye chungu cha muthokoi, yale mahindi yetu ya kukoboa, na nikatoka nao ukiwa bado na mahindi moto, nikawafukuza mpaka barabarani, na mmoja nilimpata mgongoni akabeba muthokoi kwenye shati. (Baadaye niliwapelekea maji na chakula, kwa sababu jua lilikuwa kali na gari lilikataa kabisa, lakini hilo ni jambo la kawaida, silihesabu.)

Nikasahau. Binti yangu Mwende akapata mchumba, kijana mzuri wa kule Mutomo, na watu wao wakasema watakuja na ntheo, wale mbuzi wa kwanza wa posa. Nilifurahi mpaka nikapaka nyumba chokaa. Wiki mbili kabla ya siku yenyewe, jirani yangu Mama Kyalo akaingia jikoni bila kubisha, ameshika mdomo.

"Mama Mwende, umeimbwa."

"Nimeimbwa na nani?"

"Ndiwa Boys. Nimesikia kwa Kioko sasa hivi. Wametaja jina, wametaja Mbumbuni, wametaja mwiko. Eti kuna mama huku anafukuza wageni na mwiko, hata maji hatoi. Watu wanacheka mpaka muuza nyanya ameacha nyanya zake."

Sasa mtu wa mbali hawezi kuelewa uzito wa neno hilo. Sisi ni watu wa nchi kavu. Huku unaweza kuitwa mchoyo wa pesa, mchoyo wa shamba, ukaishi. Lakini kuitwa mtu aliyemnyima msafiri maji, hiyo ni kama kuitwa mchawi. Na wakwe wangu walikuwa wanakuja na njia yao ilipita hapo sokoni, mbele ya spika ya Kioko. Wangeoa kutoka kwa boma la mwiko? Mimi mwenyewe nisingeoa.

Hapo ndipo niliamua kitu kidogo tu, na ndicho kilichoniua. Nilisema: santuri zikiisha dukani, wimbo utaisha. Nikakamata kuku wangu wote waliokuwa wanataga, nikawauza kwa mama mwenye hoteli, nikaenda kwa Kioko nimejifunika leso mpaka puani.

"Kioko, zile za Ndiwa Boys, ziko ngapi?"

"Ni hili boksi tu, zimefika jana."

"Nipe zote."

Aliniangalia. "Zote, mwaitu, mama yangu? Unafungua baa?"

"Funga boksi."

"Na utazipiga na nini? Si kwako hakuna gramafoni?"

"Kioko, unauza ama unahubiri?"

Nikazibeba kichwani. Nilitaka kuzichoma, lakini mimi sichomi kitu nilichonunua kwa kuku wangu, hata kiwe dhambi. Nikazipeleka ghalani nikazipanga juu ya midomo ya vibuyu, chini ya mabati, nikafunika na gunia. Nilitoka hapo nikijiona mwerevu kama mfalme Suleimani.

Siku ya soko iliyofuata nilisikia spika kabla sijafika kisimani. Sikusikia maneno, nilisikia tu lile gita lao linalokimbia kama panya juu ya dari, na makofi. Nikafika. Kioko ameandika kwa chaki kwenye ubao: IMERUDI, ILE ILIYOISHA SIKU MOJA. Na maboksi yalikuwa mawili.

"Kioko! Hizi zimetoka wapi?"

"Mwaitu, wewe umewainua hao watoto! Niliwatumia habari na dereva wa basi kwamba kuna mtu amemaliza boksi zima siku moja. Hawajawahi kuuza boksi zima tangu wazaliwe. Wameenda Nairobi kutengeneza nyingine."

"Umewaambia ni nani?"

"Nimewaambia ni Mama Mwende mwenyewe! Ningekuficha kwa nini? Wamesema Mungu akubariki."

Nilishika mlango. Watu wa soko nao ni kama mbuzi, mmoja akiruka mtaro hata kama hakuna kitu ng'ambo wote wanaruka, na walikuwa wamesikia kwamba mama wa kanisa, yule mkali, alibeba boksi zima la santuri za benga kichwani. Kwa hiyo kila mtu alitaka kujua ni wimbo gani huo unaomtoa mtu kwa wokovu. Mzee mmoja hata hakuwa na gramafoni, alinunua akasema ataitundika ukutani. Nikamwomba Kioko azime spika. Akasema spika inazimwa na mtu anayenunua. Nikanunua nilizoweza, pesa zikaisha, na mpaka nafika nyumbani alikuwa ameanza kuuza boksi la pili. Usiku huo Baba Mwende, ambaye huongea kama anakopeshwa maneno, aliniambia neno moja tu: "Acha." Nami kwa mara ya kwanza nikamsikia.

Siku ya ntheo ikafika. Tulitarajia wazee wachache kutoka Mutomo, wakaja wamejaa lori, wengine nadhani walipandia njiani. Mbele yao alikuwa baba wa kijana, Mzee Musili, mtu mrefu mwenye kofia na suruali nyeupe iliyopigwa pasi mpaka inakata. Nilichungulia uso wake nione kama wamesikia kitu sokoni. Uso ulikuwa umefungwa kama duka siku ya Jumapili. Mbuzi akachinjwa, nyama ikaiva, na mimi niko jikoni nagawa, nikapaza sauti: "Shangazi, sahani hazitoshi! Tafuteni sahani!"

Shangazi Syombua ni shangazi ya mume wangu, macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, na maisha yake yote alikuwa hajashika santuri mkononi. Alienda kutafuta ghalani. Sasa jua letu la kabla ya mvua mnalijua, na mabati mnayajua. Zile santuri zilikuwa zimelegea juu ya vibuyu zikashuka kingo zote, na ukizigeuza zinakuwa bakuli ndogo nzuri nyeusi, zinang'aa. Shangazi akazikuta zimepangwa vizuri, zimefunikwa, akajua mke wa mtoto wake ameficha vyombo vipya vya wageni. Akaziosha na sabuni. (Na sabuni! Hakuacha hata vumbi.) Akaweka nyama, akamwaga supu, akawapelekea wazee wa Mutomo waliokaa mstari wa mbele.

Mimi nilitoka na sufuria ya ugali wakati Mzee Musili alikuwa anaruka. Supu ilikuwa imepita kwenye tundu la katikati ikaingia moja kwa moja kwenye ile suruali nyeupe.

"Muthoni," akasema polepole (muthoni kwetu ni mkwe), ameinua chombo chake juu, supu ikimtiririka kwa kiwiko, "hii sahani yenu ina tundu."

Kisha akakigeuza. Akasoma karatasi ya katikati. Akavua kofia. Akachukua cha jirani yake, akamwaga nyama chini, akasoma. Akachukua cha tatu. Hata mbwa waliacha kupigana.

"Ndiwa Boys," akasema. "Na hii Ndiwa Boys. Na hii." Sauti yake ilikuwa kama mtu aliyefiwa. "Muthoni, mimi ni mtu wa santuri. Kule Mutomo wimbo mpya haufiki kwa mtu kabla haujafika kwangu, hiyo ndiyo sifa yangu. Hii nimeitafuta Kitui, nimeitafuta Mwingi, kila mahali naambiwa kuna mama mmoja Mbumbuni anazimaliza zikiwa kwa boksi. Nimepata moja kwa kumlilia kondakta wa basi. Na nyinyi mnazilia nyama?"

Mwende alikuwa amesimama mlangoni na leso yake mpya, nikamwona anauma kidole. Ningeweza kudanganya. Nilitafuta uongo kichwani, na siku hiyo hata uongo ulinikimbia.

"Mzee," nikasema, "nilizinunua ili msizisikie."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu aliyeimbwa humo ni mimi. Ule mwiko ni huu." Na kweli nilikuwa nimeushika, sijui kwa nini, nikauficha nyuma kama mtoto.

Mzee Musili aliniangalia mimi, akaangalia suruali yake. "Wewe umeisikiza hii santuri?"

"Sina gramafoni."

"Aiya! Umemaliza kuku wa boma," (Kioko alikuwa ameshamwambia hata habari ya kuku!) "kwa wimbo ambao hujasikia?"

Akamtuma mtu kwenye lori, ikaja gramafoni ya betri imefungwa kwa blanketi kama mtoto mchanga, na ile santuri yake, nzima, imenyooka. Akaiweka. Haya, sikieni aibu. Gita likakimbia, na yule mwembamba akaanza kuimba kwamba amefika Mbumbuni ana kiu, na Mama Mwende akamtokea na mwiko kama askari na bunduki, akampiga muthokoi mgongoni, na sasa shati lake nzi wanalipenda kuliko wasichana. Watu walianguka. Wazee wa Mutomo walilia machozi. Mama Kyalo alilala chini kabisa, na yeye ni jirani yangu! Nikaenda nizime.

"Ngoja," Mzee Musili akanishika mkono. "Hizi nyimbo zetu haziishii upande mmoja, mama. Geuza."

Akageuza. Mimi miaka yote napita pale kwa Kioko nikiangalia mbele, sikujua wimbo huvuka upande wa pili. Siku ya soko Kioko alikuwa anapiga upande wa kwanza, watu wakianza kununua anaweka santuri nyingine, na Mama Kyalo alisikia huo akakimbia kuja kwangu. Na upande wa pili yule kijana aliimba polepole, kwamba walikaa barabarani wakidhani watakufa, wakamwona yule mama anarudi, wakainuka kukimbia, kumbe kichwani amebeba mtungi wa maji, na mkononi ni mwiko uleule, safari hii wa kupakua. Akasema mama yake alikufa akiwa mdogo, na tangu hapo hakuwahi kupakuliwa mara ya pili bila kuomba, mpaka siku ile kwa yule mama.

Hakuna aliyecheka. Mimi niliingia jikoni kuangalia moto. (Moto ulikuwa sawa. Moshi ndio ulikuwa mwingi.)

Nikiwa huko nilimsikia Mzee Musili akiwaambia wenzake kwa sauti, "Mimi nimepata muthoni. Wangu wa nyumbani hufukuza watu vilevile, lakini harudi na maji!" Na mkewe akamjibu, "Wewe endelea, utaenda nyumbani kwa miguu." Kisha Shangazi Syombua akauliza kama aongeze supu kwenye zile bakuli.

Mbuzi walikubaliwa, Mwende akaolewa, ana wajukuu. Lakini mpaka leo nikienda Mutomo wananiletea chakula kwenye sahani moja nyeusi yenye tundu, wakwe wote wamesimama wanangoja niseme kitu, na mimi nakula tu, naziba tundu na ugali. Niliapa mambo mawili. Nikisikia nimetajwa mahali, nitakaa chini kwanza mpaka sindano ifike mwisho, pande zote mbili, hata kama jirani ameshika mdomo. Na siku ya wageni, sahani nazitafuta mwenyewe.

Kanisani walinisamehe, pole pole. Kuku niliwapata wengine. Nilipouza wale wa kwanza waliotaga nilipita kwa Kioko, leso begani, uso wazi, nikamwambia santuri mpya ikifika aniwekee, isipite Mutomo kabla sijaisikia mimi. Akaanza kutafuta boksi tupu chini ya meza, yule mpumbavu.

"Moja, Kioko," nikamwambia. "Moja tu."