Insha Iliyobaki Dakani

Kila nilipokosea neno nilianza ukurasa mzima upya. Sikufuta, kwa sababu neno lililofutwa huacha alama, na mimi niliiogopa alama kuliko kosa lenyewe. Bibi yangu alininyooshea karatasi zilizofungiwa majani ya chai na kuniwekea chini ya mkeka. Hazikunitosha. Kila moja ilikuwa na sentensi tatu au nne za mwanzo wa insha, basi, na chini yake peupe.

Sikusoma skuli. Nilisoma chuoni, Qur'ani na hati za Kiarabu, na nilipofika umri wa kuwekwa ndani nikajifundisha hati za Kizungu kwa vitabu ambavyo kaka yangu alirudi navyo kutoka Mombasa. Hapakuwa na wa kunisahihisha. Nikawa najisahihisha mwenyewe, bila huruma, maana sikujua kosa langu linaanzia wapi wala linaishia wapi.

Mwaka ule skuli ya wasichana ilitafuta msaidizi wa kufundisha watoto wadogo. Kila aliyeitaka kazi angeandika insha moja mbele ya mwalimu mkuu. Baba alikubali niende, ila kwa sharti. Mjomba wangu wa Siyu alikuwa ameleta posa kwa ajili ya mwanawe, na baba alikuwa bado hajamjibu. Nikichukuliwa skuli, jibu lingesubiri. Nisipochukuliwa, angekubali, na neno lingekwenda Siyu na mtu wa kwanza atakayevuka. Yule kijana sikuwa na neno baya juu yake. Sikuwa na neno lolote juu yake. Lakini nilikuwa nimeshajiona mara nyingi nimesimama na chaki mkononi, na usingizi ulikuwa umenipotea kwa hofu.

Kitabu cha kaka kilisema kwamba mwanzo wa insha umvute msomaji. Hakikusema umvute kwa kamba gani. Nikamuuliza bibi, kwa kuwa alikuwa mtunzi, na hapakuwa na harusi mtaani petu isiyosomwa utungo wake. Alicheka kwanza.

"Ndia ya kuingilia nyumba ni daka," akasema. "Mgeni humuingizi ndani mbio, kama mbuzi aliyenyeshewa. Mketishe dakani kwanza."

Daka la nyumba yetu, lenye baraza za mawe kila upande wa mlango, ndipo baba alipopokea watu. Daka la utungo, kwa bibi, lilikuwa kumhimidi Mola, kumsalia Mtume, kuomba wino na karatasi njema, kisha kumtaka radhi msomaji kwa makosa atakayoyakuta mbele. Ndivyo watunzi wa kwetu wanavyoanza. Nilijiona nimeokoka.

Siku ya insha bibi alinisindikiza, akaketi nje ya darasa na buibui lake. Mwalimu mkuu, mwanamke wa Unguja, aliandika ubaoni: Asubuhi nyumbani kwetu. Nilifurahi, kwani kama kuna kitu nakijua ni asubuhi za nyumba ile. Nikaanza kwa hamdu. Neno moja likajirudia, nikaomba karatasi nyingine. Nikafika kwenye kutaka radhi, nikaisoma, nikaiona ina kiburi ndani yake. Nikaomba nyingine. Mwalimu alinipa, ila aliutazama mkono wangu kama anayetazama mkono wa mgonjwa. Wenzangu walikuwa wanageuza kurasa. Kila ukurasa uliogeuzwa niliusikia.

Kengele ilipolia nilikuwa nimemaliza kuomba radhi kwa makosa ambayo sikupata wakati wa kuyafanya.

Alituita mmoja mmoja. Yangu aliisoma mara mbili, akaisifu hati yangu, akasema hajapata kuona mwanzo wenye adabu kama ule.

"Na asubuhi yenyewe iko wapi, mwanangu?"

Nikamwambia nilikuwa naielekea.

"Umepiga hodi vizuri sana. Nikakukaribisha. Nawe ukaendelea kupiga hodi."

Akaniuliza kwa mdomo, je, leo nilipoamka nilikuta nini? Nikamwambia paka alizaa juu ya kanzu ya baba ya Ijumaa, na kwamba mimi na bibi tuliificha tukamwambia haijakauka. Akacheka kwa sauti. Kisha akaacha kucheka, akasema hiyo ndiyo insha ambayo angeisoma hadi mwisho, lakini yeye hupima kilicho kwenye karatasi, na nafasi amempa mwenzangu. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba tungo za bibi, baada ya zile beti za mwanzo, huendelea mpaka watu wakaletewa kahawa mara ya pili. Alinifundisha daka kwa sababu daka ndilo nililomuuliza.

Tukashika njia ya nyumbani. Bibi alinishika mkono, na mimi nikawa napanga maneno ya kumwambia baba, nayavunja, nayapanga tena. Tulimkuta dakani peke yake. Akauliza wamesemaje. Nikaanza kwa kumshukuru Mwenyezi Mungu kwa kila hali, nikamwombea baba umri mrefu, nikasema kwamba binadamu hupanga…

"Mwanangu," akasema baba, "nimekuuliza neno moja."

"Hawakunichukua."

Lilitoka hivyo, bila mwanzo wowote. Bibi akanung'unika kwamba watu wa skuli hawajui utungo. Baba akasema kesho yuko mtu wa kwenda Siyu, kisha akanitazama, kwa upole, sitamsingizia, akaniuliza kama nina la kusema.

Nilikuwa nalo. Nikalitafutia mwanzo mzuri, usiomvunjia heshima yeye wala mjomba, na nilipoupata nikainua kichwa. Baba alikuwa ameshavaa viatu, anakwenda msikitini.