Mabati ya Akiba Yasinyeshewe

Onesphory Mgaya hakuwahi kupoteza kitu cha watu, na hilo ndilo lililomponza. Baba yake alitoka Njombe akaja Kilosa kama manamba, akakata mkonge hadi mgongo ukamgomea, na mtoto akakulia kwenye ghala la shamba: kwanza mfagiaji, baadaye karani wa visu na magunia. Uhuru ulipokuja na shamba kubadilisha wenyewe, siku ya makabidhiano visu vyote vilikuwepo, hata kile kilichovunjika mpini tangu wakati wa vita. Watu walimcheka. Lakini alipohamia kijiji kipya cha ujamaa cha Songambele, upande wa Ulaya, tarafa ya huko huko Kilosa, na mkutano ukauliza nani atatunza akiba ya kijiji, hakuna aliyepoteza muda kufikiri.

Akiba yenyewe ilikuwa hivi. Serikali ilitaka kijiji kisile chote kinachovuna. Pamba ya shamba la pamoja ikiuzwa, sehemu iwekwe kando kwa matumizi ya umma ya siku zijazo. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Gabrieli, alikuwa mtu mwerevu, na ninasema hivyo bila kejeli, ingawa mtanishangaa mbele ya safari. Alisema fedha ina miguu. Tununue mabati, alisema, kila msimu machache, na yakifika sitini tuezeke zahanati. Wakati huo mwanamke wa Songambele akishikwa na uchungu, ama alibebwa kwa machela hadi Kilosa, ama alijifungua kwa mkunga, na mkunga alikuwa Generoza, mke wa huyu huyu Onesphory. Chumba chake cha kuzalishia kilikuwa cha udongo na paa la nyasi lililochoka, na mvua ikinyesha nje ilinyesha na ndani.

Basi mabati yakaanza kuja. Na nyuma yake ukaja waraka.

Sijui uliandikwa na nani, wala si kazi yangu kumtafuta. Ulisomwa mkutanoni kwa sauti ya kanisani: akiba ya kijiji ihifadhiwe mahali pasiponyeshewa, iepushwe na panya, mchwa na fukusi, na ianikwe juani walau mara moja kwa mwezi. Mwenye akili timamu angejua hapo yanasemwa mahindi. Lakini Songambele hawakuwa na akiba ya mahindi, walikuwa na akiba ya mabati, na waraka ni waraka.

Wakajenga ghala. Kila kaya ilitoa mizigo mitatu ya nyasi, na asiyetoa alilimishwa siku mbili shambani, kwa hiyo nyasi zilirundikwa hadi paa likawa nene kuliko paa lolote kutoka pale hadi Masanze. Ndani wakapanga mabati juu ya vichanja, mbali na mchwa. Akatafutwa paka wa kuyalinda na panya. Na kila mwisho wa mwezi Onesphory aliyatoa nje moja moja, akayaanika, akayageuza adhuhuri, akayapangusa kwa kitambaa, akayarudisha kabla jua halijazama. Fukusi hakuonekana hata mmoja. Bwana Maendeleo wa wilaya alipopita alisema hajapata kuona akiba isiyobunguliwa kiasi kile.

Kuna mtu aliuliza, msidhani wote walilala. Aliuliza mkutanoni, mbona mabati ya stesheni ya Kilosa yananyeshewa miaka nenda miaka rudi?

"Yale ni paa, ndugu yangu," Mzee Gabrieli akamjibu kwa upole. "Haya ni akiba."

Mkutano ukapiga makofi. Onesphory alipiga zaidi ya wote, maana aliyeuliza alitaka kumharibia kazi.

Upande wa pili wa uwanja zilisimama kuta za zahanati, za matofali mabichi. Kila kiangazi watu walizijenga kwa nyimbo, na kila masika, kwa kuwa hazikuwa na paa, ziliyeyuka. Masika yakiisha walizijenga tena. Ungesimama katikati ya uwanja siku ya mvua ungeona kwa jicho la kulia ukuta ukirudi kuwa tope kwa kukosa bati, na kwa jicho la kushoto bati limejikunyata chini ya nyasi lisiguswe na tone. Hakuna aliyesimama hapo. Watu walikimbia mvua.

Mabati yalifika sitini mwaka wa tatu. Mnadhani waliezeka? Kikao kilikaa tangu asubuhi, na ikaonekana kwamba akiba ikishatumika si akiba tena, na kijiji kitabaki bila akiba, wakati kila kijiji lazima kiwe nayo. Isitoshe wageni walikuwa wanaletwa hadi kutoka Kisanga kuja kuitazama, na cheti cha kijiji cha mfano kilikwisha tundikwa ofisini. Wakapandisha hesabu hadi mia moja. Akiba haiozi, alisema Mzee Gabrieli, na kwa hilo hakukosea.

Onesphory alikuwa na raha siku hizo. Wageni walimpa mkono. Alikuwa na majibu yote: uzito, unene, mwezi lilipoingia bati hili na mwezi lilipoingia lile. Nyumbani ndiko raha ilikokatikia. Masika ya mwaka huo wa tatu jirani yao, Paulina, alijifungua kwa Generoza siku ya mvua kubwa. Wanawake wanne walishika mkeka juu ya kichwa chake na maji yakapita. Mtoto alizaliwa analia vizuri, akashikwa na baridi, na siku ya pili akanyamaza. Generoza hakumlaumu mumewe. Alimpakulia chakula, akampa mgongo. Onesphory akaenda kupangusa mabati.

Masika yaliyofuata ilikuwa zamu ya nyumba yake. Yudith, binti yao wa pekee, alirudi kutoka kwa mumewe, kwa kuwa mtoto wa kwanza huzaliwa kwa mama. Onesphory alipanga ampeleke Kilosa mapema. Mvua haikungoja mpango. Mto ulipanda ukameza njia, na siku ya nne ya mafuriko, usiku wa manane, uchungu ukaanza.

Asubuhi Onesphory alikuwa ghalani Generoza alipoingia, maji yakimchuruzika.

"Baba Yudith, kule ndani maji yamefika kwenye kifundo cha mguu."

"Nitaleta mkeka mwingine."

"Sitaki mkeka. Nataka hapa."

Onesphory akatazama juu. Kusema kweli hakuwahi kulitazama lile paa kwa jicho hilo. Mvua ilikuwa inapiga nje kwa hasira, na mle ndani vumbi lilikuwa kavu sakafuni na paka amelala.

"Hapa ni pa akiba, mama Yudith. Hapana nafasi ya mtu."

"Basi toa akiba."

"Nje? Kwenye mvua hii? Nimekabidhiwa na kijiji kizima, unataka waniite mwizi uzeeni?"

"Nimemzika mtoto wa Paulina kwa mikono hii," alisema Generoza. Hakupandisha sauti. "Wa Yudith utamzika wewe. Mimi sitakwenda."

Onesphory aliogopa. Aliogopa kijiji, aliogopa waraka, na kuliko vyote aliogopa lile kaburi dogo ambalo mkewe alikwisha mwonyesha. Heri lawama kuliko fedheha, walisema wakubwa, na yeye hakujua hapo lawama ni ipi na fedheha ni ipi. Akavua shati. Akabeba bati la kwanza akalitoa nje, akalilaza kwenye mvua kwa taratibu, kama anayelaza mgonjwa. Akarudi kuchukua la pili. Yalikuwa themanini na manne, na yote aliyatoa peke yake, akilia waziwazi, mwanamume mzima.

Yudith akaingizwa, akatandikiwa palipokuwa pamepangwa akiba. Palikuwa pakavu, pana joto. Generoza akafunga mlango.

Kelele za mvua juu ya mabati themanini na manne zilisikika kijiji kizima, na watu wakatoka, si kwa ajili ya Yudith, kwa ajili ya mabati. Mzee Gabrieli alikuja na jani la mgomba kichwani.

"Shikamoo, Mwenyekiti," Onesphory alisema.

"Marahaba. Onesphory, umefanya nini?"

"Nimetoa akiba."

"Umeiua. Miaka minne ya jasho la watu umeiua asubuhi moja. Wakija wageni nitawaonyesha nini?"

Wakasimama wote, watu kama hamsini, wakilowa, wakingoja mabati yaharibike. Wengine walichuchumaa waone vizuri. Maji yalianguka, yakafuata mifereji ya bati, yakaishia chini. Yakaanguka mengine, yakaishia chini. Muda ulipita mrefu, na mabati hayakufanya lolote. Mzee Gabrieli aliinama akapitisha kidole, akakitazama kidole, akapitisha tena.

Mlango wa ghala ukafunguka. Generoza alitokeza kichwa akasema ni wa kike, analia vizuri, mama mzima. Kisha akafunga, joto lisitoke. Ni wachache walioitikia, maana macho ya watu yalikuwa bado chini.

Hapo Paulina akapita mbele. Alikuwa amesimama nyuma muda wote bila kujifunika kitu. Akachutama karibu na bati moja, akaweka kiganja, maji yakawa yanampita kati ya vidole.

"Kwa hiyo," alimuuliza Onesphory, kwa sauti ya mtu anayetaka kujua tu, "hata yakiwa akiba hayaogopi maji?"

Onesphory alikuwa na majibu ya wageni wote, ya uzito na unene na miezi. Alimtazama yule mama, na aibu ikampanda kutoka miguuni.

"Hayaogopi, mama."

Paulina akatikisa kichwa, polepole. Halafu akashika bati kwa ncha moja, akaliinua, akaanza kulivuta peke yake kwenye tope kuelekea zile kuta zilizokuwa zinayeyuka upande wa pili wa uwanja. Lilikuwa zito kwake, likawa linakwama. Hapakuwa na aliyemzuia, wala aliyejongea. Onesphory Mgaya, mtunza akiba, akamfuata akashika ncha ya pili.